Damu ya Daktari Haivumilii Jua

Daktari wa figo aliponiuliza baba yangu alikufa na nini, nilimjibu nilivyolelewa kujibu: jua. Aliacha kuandika, akanitazama. Nikamweleza kwamba kwetu Mombasa ukoo wetu una damu ya Mzungu mmoja wa zamani, na damu hiyo haivumilii jua, ndiyo sababu watu wetu hawafikishi miaka sitini. Nilisema hayo bila haya, mimi mtu mzima wa miaka arobaini na sita, miguu imevimba hadi nimekanyaga visigino vya viatu kama malapa. Yule mama daktari hakucheka. Alinigeuzia kompyuta akanionyesha picha ya figo zangu. Zilikuwa zimejaa vifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo, hadi figo zenyewe hazionekani. Akaniambia kwa upole kwamba jua halifanyi hivi, na kwamba ugonjwa huu mtu huurithi kwa mzazi.

Kama na wewe umeonyeshwa picha ya namna hiyo juzijuzi, na sasa umekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya hospitali huna nguvu ya kuwasha injini, haya nayaandika kwa ajili yako. Sitakufundisha figo zinavyofanya kazi. Hayo utaambiwa mpaka uchoke. Nitakusimulia nilivyopita, na nilivyoogopa, maana niliogopa kuliko nilivyowahi kukiri mbele ya mtu.

Nimseme kwanza huyo Mzungu, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa daktari mpasuaji wa jeshi la Waingereza, mwisho wa karne ya kumi na tisa. Kwetu anaitwa Daktari tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Baba yake alikuwa fundi viatu. Jeshi lilimpeleka Bara Hindi, akakaa miaka akikata miguu ya askari na kuzika walioshindikana, kisha akaletwa Mombasa pamoja na kikosi cha askari wa Kihindi. Wakiwa njiani kwenda bara akaanguka kwa homa. Walimbeba kwenye machela hadi Rabai, kwa wamisheni, wakamwacha huko afe kwa utulivu. Hakufa. Aliuguzwa na msichana aliyeitwa Eliza, binti wa watumwa walioachiwa huru, na kikosi kiliporudi Bombay yeye hakurudi. Aliacha jeshi, akafungua chumba cha dawa, akakaa na Eliza kama mume na mke. Wamisheni walikataa kuwafungisha ndoa, na sababu ilikuwa kule Uingereza: mke na watoto wawili wa kiume, ambao aliwaandikia barua kila meli ilipoondoka. Hatujui kama walimjibu. Na Eliza alizaa watoto watatu, wakazika wawili. Aliyebaki ni Mariamu, aliyemzaa babu yangu.

Haya nayajua kwa sababu ya kaka yangu Zakaria. Amenizidi miaka mitatu, anafundisha hisabati sekondari moja huko Houston, na kwa habari za Daktari hana breki. Sebuleni kwake kulikuwa na picha ya Daktari na masharubu yake, na kabatini, ndani ya mfuko wa plastiki, daftari lake la jalada la ngozi, ambalo babu alimkabidhi Zakaria kama mjukuu wa kwanza wa kiume. Kila Krismasi tukishamaliza pilau alilitoa akatutafsiria kurasa mbili tatu. Watoto wake walikimbilia simu zao, wifi yangu akakumbuka vyombo vya kuosha, yeye hajali. Alisoma amenyoosha mgongo kama anayekaguliwa na jenerali.

Imani ya jua nayo ilitoka huko. Mariamu alikufa na miaka hamsini na miwili, babu hamsini na sita, baba hamsini na minne, wote tumbo limejaa na uso umevimba, na hakuna aliyewahi kupimwa sawasawa. Wazee wakasema damu ya Mzungu imechemka. Basi tukalelewa na kofia. Shuleni mimi ndiye niliyeruhusiwa kukaa kivulini wenzangu wakicheza, na nilijiona mtu wa maana sana. Nilipohamia Texas nikapata kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, nikapanga nyumba mji wa Euless, mwendo wa saa nne kwa gari kaskazini mwa Houston, nikawa mtu wa kutoka kwenye kiyoyozi kuingia kwenye kiyoyozi. Nikajiona nimeponea. Presha yangu ilipanda miaka mitatu mfululizo. Nilikuwa napita kwenye ile mashine ya bure ya duka la dawa, natia mkono, naona namba, natoa mkono, naondoka zangu. Nilijiambia kama ningekuwa wa kuugua ningeugua kule kwenye jua. Ukiniuliza ujinga wangu ulikuwa wapi, ulikuwa hapo.

Mashine ya kusafisha damu niliianza Agosti, wakati ambapo usukani wa gari unaunguza vidole. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kwa muda wa saa nne kila mara. Walikuwa wameniunganisha mishipa miwili ya mkono wa kushoto ili sindano zipate pa kuingilia, na mkono ule ukawa unavuma. Ukiugusa unausikia, kama friji iko ndani. Neema, binti yangu, aliugusa mara moja, akaondoa mkono wake haraka, kisha akaomba msamaha. Ngozi ilikuwa nyeusi ya majivu. Nilijikuna hadi shuka zikawa na madoa. Kinywani kila kitu kilikuwa na ladha ya sarafu. Lakini kilichonitesa zaidi ni kiu. Mgonjwa wa mashine hapewi maji kama anavyotaka, maana hayana pa kutokea, na mimi ni mtu wa chai. Chumba cha kusubiri kilikuwa na televisheni moja, na aliyeshika rimoti alipenda vipindi vya mapishi. Tulikaa pale wagonjwa kumi na wawili tukitazama supu ikichemka.

Kwenye kiti jirani na changu alikaa mzee Mkongomani wa mtaa wa Vickery Meadow, tukimwita Papa Ilunga, aliyekuwa kwenye mashine mwaka wa sita. Siku ya tatu aliniona nafuta machozi. Akafungua kikopo chake, akanipa zabibu mbili zilizogandishwa kama mawe, akasema, "Mama, usilie juu ya maji. Kamata hii, inyonye pole pole." Tangu siku hiyo nilikwenda na zangu. Ukianza mashine, gandisha zabibu. Hakuna nesi atakayekuambia.

Neema anasoma chuo huko Richardson. Mimi humsemesha Kiswahili, naye hunijibu kwa Kiingereza, ndivyo tulivyozoeana. Nilikuwa nimemwambia juu juu tu kwamba nina matatizo ya figo. Yeye alishasoma kila kitu kwenye simu yake. Jumamosi moja amenichukua kutoka mashine, tumesimama kwenye taa, akaniuliza kwa Kiswahili safi, bila kunitazama, "Mama, na mimi je?" Mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamwambia taa imeshageuka, endesha.

Kuna foleni ya kupata figo ya marehemu, na ni ndefu. Njia ya pili ni mtu aliye hai akupe moja yake. Nilimpigia Zakaria nikiwa nimepanga maneno yangu vizuri, nikaanza kwa kuzunguka, kama tunavyofanya. Hakuningoja nimalize. "Chukua yangu," alisema. Kisha akaongeza kwa ile sauti yake ya Krismasi kwamba hiyo itakuwa damu ya Daktari inamrudia mtoto wa Daktari. Nililia nikamwambia ni mafua.

Hospitali ya Houston ambako ningepandikizwa walisema lazima kwanza yeye mwenyewe achunguzwe, maana ndugu wa tumbo moja anaweza kuwa na ugonjwa uleule. Hapo ndipo nilipomwomba anisomee mwisho wa daftari. Kila Krismasi alikuwa anafunga kabla ya kurasa zile, anasema ni mambo ya uzee, hayapendezi mbele ya chakula. Alinisomea kwa simu. Daktari alikuwa amejiandikia mwenyewe kama anavyomwandikia mgonjwa: maumivu ya kiunoni pande zote mbili, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, tumbo ukilipapasa lina vinundu. Na mstari mmoja chini yake, kwamba baba yake na kaka yake walikwenda hivyohivyo, kabla ya kufika sitini. Mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita alikuwa amejibu lile swali nililoulizwa nikasema jua. Nilimsikia kaka yangu anavyopumua, nikajua anajipapasa tumbo.

Wiki mbili za kungoja picha zake sikulala vizuri hata siku moja. Nilimwogopea yeye, na niliogopa kwa ajili yangu, na sikujua ni woga upi uliotangulia. Majibu yalipotoka, figo zake zilikuwa safi kabisa, hazina hata kifuko kimoja, mtu wa miaka arobaini na tisa. Zakaria alicheka hadi akakohoa. Alisema Daktari amempitia mbali.

Niliyedhani atafurahi kuliko wote ni mama. Mama yuko Kisauni, ana miaka sabini na sita. Nilipompa habari akasema hapana. Zaka asitoe. Nikauliza kwa nini, akasema huko hospitali watachokonoa damu za watu. Nikauliza tena, akasema Zaka ana watoto watatu. Nikamwambia nina mmoja, na mimi ni wako. Akasema anaenda kutazama jiko. Kila nilipopiga ikawa hivyo, jiko, mgeni, mtandao mbaya. Nikaelewa nilivyoelewa: mama anamlinda mwanawe wa kiume, na mimi nife. Nakiri nilimchukia mama yangu miezi miwili mizima. Nilikaa kwenye kile kiti sindano ziko mkononi, nikimpangia maneno.

Februari barafu ilianguka. Si theluji ile ya kwenye picha. Ni kioo kilichomwagwa juu ya kila kitu, barabara, ngazi, matawi. Kliniki ilifungwa Alhamisi, na Jumamosi ikafungwa tena. Mtu wa mashine akikosa siku mbili, maji hupanda kifuani. Jumamosi mchana nilikuwa nimekaa wima kwenye kochi nikipumua kwa vipande, Neema yuko chini anakwangua ngazi kwa jembe la bustani ili gari la wagonjwa lipate pa kupita. Mama akapiga kusalimu. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga. Nilimwambia amechagua mtoto mmoja, na akija kunizika asilie.

Alilia yeye. Kisha akasema, "Raheli, Zaka sikumzaa."

Niliyasikia yaliyobaki nikiwa nimefumba macho. Mama na baba walikaa kwenye ndoa miaka sita bila mtoto, huko Changamwe. Chumba cha nyuma alikuwa amepanga binti mmoja kutoka bara, mjamzito, hana mtu. Alijifungua, siku ya tatu akafariki, na hakuna aliyekuja kumwulizia, yeye wala mtoto. Baba alimbeba yule mtoto ndani ya koti lake la kazi ya reli akamleta kwa mama. Wakahamia Kisauni wasikojulikana. Babu akaitisha wazee wa ukoo wakakubaliana kama walivyofanya kwa watoto wengine kabla yake: mtoto anapewa jina la babu kanisani, na akishalipokea, asili yake haisemwi tena, si kwa heri wala kwa ugomvi, hata baadaye akizaliwa mtoto wa tumbo. Miaka mitatu baadaye nikazaliwa mimi. Wote waliokuwapo wamekufa, amebaki mama, na aliogopa kwamba vipimo vya Houston vitamwambia Zaka alichoapa kutosema. Akaniomba nami niape.

Saa moja baadaye nilikuwa kwenye gari la wagonjwa, na kinyago cha oksijeni kikanisaidia, maana sikuweza kujibu.

Sasa nikuulize wewe uliyekaa ndani ya gari: ungefanya nini? Nesi anayesimamia wapandikizwao alishaniambia kwamba hospitali haitangazi mambo ya undugu; kinachowahusu ni kama figo inakubali, na damu ya kaka yangu ilionyesha inakubali vya kutosha. Figo zake zilikuwa safi kwa sababu hakuwa na tone la Daktari. Ningenyamaza, ningepona. Lakini Zakaria hakuwa anampa figo mtu yeyote tu. Alikuwa anampa mtoto wa Daktari, yeye akiwa mtoto wa Daktari. Alishasema hivyo, na alishawaambia walimu wenzake hivyo. Usiku na mchana nilihesabu. Nikimwambia, huenda nikaikosa figo na yeye akakosa ukoo, siku moja. Nisipomwambia, nitatembea na kiungo cha mtu niliyemficha yeye ni nani. Machi nzima nilisema wiki ijayo. Papa Ilunga aliniuliza mbona natapika kabla ya mashine, siyo baada.

Aprili nikamwomba tukutane katikati ya njia. Neema ndiye aliyeendesha. Maua ya buluu yalikuwa yamejaa kando ya barabara kuu, watu wamesimamisha magari wanapiga watoto picha. Kaka alikuwa ameshafika kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta katika mji mdogo wa Buffalo, hapohapo Texas, amenunua nyama ya kuchoma ambayo nisingeweza kula, na amekuja na orodha ya maswali ya kuwauliza wapasuaji. Nilimtuma Neema akatembee. Sikuzunguka, maana ningezunguka nisingefika. Nilimwambia kwamba mama hakumzaa, na nani alimzaa, na baba alivyombeba.

Alikunja karatasi ya kufutia mikono mara mbili, mara nne, mara nane. "Kwa hiyo Daktari ni wako peke yako," alisema.

"Na ugonjwa wake," nikasema. Hakucheka.

Baadaye akasema, "Ungesubiri upone ndipo uniambie."

"Ningekuwa nimekuibia, kaka."

Aliinuka, akatupa sahani yake nzima kwenye pipa, akaenda kukaa ndani ya gari. Nilimtazama kupitia dirishani dakika kama ishirini, hakuwasha injini. Kisha akawasha akaelekea kusini. Njia nzima ya kurudi Neema alishika mkono wangu ule unaovuma, na safari hii hakuuachia.

Wiki ya kwanza hakupiga. Wiki ya pili likaja furushi. Ndani mlikuwa na picha ya Daktari, imefungwa kwa taulo, na daftari kwenye mfuko wake wa plastiki. Hakuandika hata neno. Nilikaa chini pale mlangoni. Wifi alinipigia akasema Zakaria anakwenda kazini, anarudi, anakula, ila hasemi, na mama akipiga anatoka chumbani. Mama naye alinilaumu, kisha akajilaumu, kisha akaacha kula. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimevunja nyumba mbili na bado nina kiu.

Kuna jambo ambalo hospitali humpa anayetoa, nami nilikuwa nimelisoma kwenye karatasi zao. Akibadilisha nia, hata asubuhi ya mwisho, haulizwi. Watamwambia mgonjwa kwamba mtoaji hafai kiafya, basi, na mgonjwa hatajua kama ni mwili uliokataa au ni moyo. Ni utaratibu mzuri, wa kumlinda mtu. Mimi ulinitafuna. Nilijua simu itakuja, sauti ya upole itasema kaka yako hafai, nami nitasema asante, na maisha yangu yote sitajua. Simu ikilia kazini nilikuwa naiacha ilie mara tatu ili nipate pumzi ya kupokea.

Ilikuja Jumanne, nipo kwenye kiti. Nesi wa Houston alijitambulisha, akasema anapiga kuhusu mtoaji wangu. Nikamwambia ninaelewa. Akauliza ninaelewa nini. Akasema kaka yangu amemaliza vipimo vyote vilivyobaki, vya moyo, vya mkojo, na mahojiano na mshauri, alikuja mwenyewe mara nne bila kukosa, na je, katikati ya Juni itanifaa? Papa Ilunga alidhani nimepewa habari ya msiba, akaita nesi.

Kabla sijamaliza niseme jambo dogo. Wapigie simu walio hai, leo, uwaulize waliokufa walikufa na nini. Usikubali jua, usikubali jicho baya, usikubali presha tupu. Uliza tumbo lilikuwaje, mkojo ulikuwaje, alikuwa na miaka mingapi. Watakasirika. Uliza. Neema hajapima bado. Ana miaka kumi na tisa, daktari anasema uamuzi ni wake, nami najifunza kutomwuliza kila Jumapili. Presha anapima kila mwezi, na namba ananitumia bila kuombwa. Wazazi wengine hutumiwa picha za mahafali. Mimi hufurahia hizo.

Tulilazwa Houston siku moja, Juni, mvua kubwa ya kule inagonga madirisha. Asubuhi walituweka kwenye vitanda jirani, pazia katikati, na nesi akalivuta tuonane. Sikuwa nimemwona tangu Buffalo. Alikuwa amekonda, amevaa ile kofia ya karatasi. Nilimwambia daftari lake ninalo, nimelitunza. Akasema ni langu. Nikamwuliza kwa nini anafanya hivi.

"Raheli, usinifanye nifikirie," alisema. "Nimeshafikiria miezi miwili."

Wakamtanguliza yeye.

Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichouliza ni kama yeye amezinduka. Kitu cha pili, nesi alinyanyua mfuko wa mkojo nikauona umejaa. Miezi kumi sikuwa nimepata hata kikombe kimoja kwa siku. Figo ilianza kufanya kazi palepale mezani, walisema, hata hawajamaliza kushona. Midomo yangu ilikuwa imekauka nikaambiwa ninaweza kunywa maji, ninavyotaka. Neema alinishikia bilauri. Nilikunywa nikamwomba anijazie tena.

Siku ya pili kaka alikuja kwa miguu, amejikunja upande, anasukuma stendi ya dripu, hatua moja kila baada ya muda. Alikaa kwenye kiti cha wageni akahema. Aliutazama ule mfuko kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Simu yangu ikalia kitandani, na sote wawili tukaona ni nani. Mama alikuwa amefunga kula siku mbili, na yeye na Zakaria hawakuwa wamesemezana tangu Aprili.

Niliweka sauti ya nje nikamwambia mama tumeamka salama, sote. Akauliza Zaka yuko wapi. Nikasema yuko hapa, anakusikia. Nilisikia mama anavuta pumzi, nikajua atamwomba msamaha, au ataanza habari ya yule binti wa chumba cha nyuma, na nikaogopa, maana kaka alikuwa amefumba macho na mkono wake umeshika kidonda.

"Zaka," mama akasema, "umekula?"

Alifungua macho. Alitazama simu, akatazama dari, na kidevu chake kikaanza kutetemeka, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro mmoja. Kisha akanyoosha mkono akaichukua ile simu, akaiweka sikioni, akaanza kumshitakia kwamba tangu jana wanampa jeli tu, jeli nyekundu na jeli ya kijani, na hata chumvi hawajatia.